Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Saratani ya damu inaporudi baada ya upandikizaji

Mheshimiwa Waziri,

KUH: MAJARIBIO YA TIBA MSETO KWA WALIOPANDIKIZWA SELI SHINA

Ninakuandikia kutoka Kisumu nikiwa mtoaji wa seli shina, yaani seli zinazozalisha chembe za damu. Mdogo wangu, aliyeugua lukemia kali ya mailoidi (saratani ya damu inayoenda kasi), alipandikizwa seli zangu nchini India baada ya harambee mbili na kuuzwa kwa kipande cha shamba. (Wengi huniuliza kama nilikatwa mfupa. La, seli zilichujwa kutoka kwenye damu ya mkono.) Ombi langu linahusu yale yanayofuata ugonjwa ukirudi, kwani kurudi huko ndiko kunakowaua wengi zaidi kati ya waliopandikizwa kwa ajili ya lukemia hiyo.

Mwaka 1990 madaktari wa Munich walionyesha kwamba seli nyeupe za mtoaji, zikitiwa tena mwilini mwa mgonjwa, huweza kuidhibiti lukemia sugu ya mailoidi (aina inayoenda polepole) iliyorudi. Kwa lukemia kali, mbinu hiyo peke yake huwafaa wachache, na ndiyo sababu watafiti wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiijaribu pamoja na azasitidini, dawa inayoweza kuzifichua seli za saratani mbele ya kinga ya mtoaji, au venetoklaksi, inayozima protini inayozizuia seli hizo zisife. Hatari zipo, tena kubwa: kinga hiyo hiyo huweza kushambulia ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa, nazo dawa hupunguza chembe za damu hadi homa ndogo ikawa tishio. Mseto kama huu haufai kubahatishwa wodini; unahitaji majaribio rasmi.

Eneo letu si geni katika majaribio. Watoto wa Siaya na Kombewa walishiriki yale ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa upana Oktoba 2021.

Naomba Wizara iwaorodheshe katika daftari moja Wakenya wote waliopandikizwa, hata ng'ambo, kwa kuwa hospitali moja haiwezi kupata wagonjwa wa kutosha kwa jaribio, na mtafiti hawezi kuwaalika watu asiojua kama wapo. Naomba pia bima ya umma igharimie vipimo vya masalia ya ugonjwa, yaani seli chache za saratani zilizosalia mwilini, maana tiba hizi hufaulu zaidi seli hizo zikigunduliwa zingali chache.

Mdogo wangu hajarudiwa na ugonjwa. Ukirudi, mkono wangu uko tayari.

Wako mwaminifu,
Mtoaji wa seli shina, Kisumu