Barua ya Wazi kwa Mabinti Wanaosomea Mimea: Andikeni Majina Yenu

Binti zangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu, na sitauficha. Hivi karibuni nilialikwa kusikiliza matokeo ya utafiti wa vigoga, ile mimea midogo ya kijani inayotandaa juu ya mawe na magome ya miti penye unyevu, pamoja na ndugu zao wa karibu waitwao livawoti. Mwasilishaji alipigiwa makofi mengi. Baadaye nilipouliza ni nani aliyepanda mlimani, akakusanya vielelezo, akavikausha na kuvichunguza kwa hadubini kimoja baada ya kingine hadi vikatambuliwa, nilioneshwa binti aliyeketi safu ya nyuma. Jina lake halikutajwa ukumbini, wala halikuwamo katika andiko. Nilipomwuliza kama ameridhika, alinijibu kwa upole kwamba yeye alikuwa akisaidia tu.

Wanangu, kutambua kigoga si kusaidia. Ndiyo kazi yenyewe. Mmea usiozidi ukucha, ambao jani lake mara nyingi lina unene wa seli moja, hutenganishwa na mwenzake kwa umbo la seli hizo, au kwa meno madogo yanayozunguka mdomo wa kifuko cha spora, yaani chembe ndogo za uzazi wake. Anayeweza kuyasoma hayo ameyapata kwa miaka ya kuinama mezani, na asiyeweza hana utafiti wa kuwasilisha.

Nataka mumjue Elizabeth Gertrude Britton. Alizaliwa New York mwaka 1858, na sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha Kuba, ambako familia yake ilikuwa na shamba la miwa. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1875 akiwa na umri wa miaka 17, akafundisha, na mwaka 1885 akaolewa na Nathaniel Lord Britton, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Columbia. Hapo Columbia aliutwaa mkusanyiko wa vigoga na kuusimamia bila kuajiriwa. Aliwashawishi watu wenye uwezo wachange fedha, ukanunuliwa mkusanyiko wa vigoga wa August Jaeger kutoka Uswisi. Ziara yake katika bustani ya Kew, Uingereza, mwaka 1888 ndiyo iliyochochea wazo la New York nayo kuwa na bustani yake ya mimea, na bustani hiyo ikaanzishwa mwaka 1891.

Mume wake akawa mkurugenzi wa kwanza wa bustani hiyo. Yeye aliendelea kupanga, kutambua na kuandika bila mshahara, na ilipofika mwaka 1912 ndipo alipopewa cheo cha mhifadhi wa heshima wa vigoga. Heshima, lakini si malipo! Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Mwanamke huyu alicheza kwao ujana wake wote, na walioketi kutazama walidhani kutajwa kungemtosha. Nasikitika kusema kwamba tabia hiyo haikubaki New York wala haikuisha na karne ile. Nimeona idara zetu zikitegemea mikono ya mabinti wa kujitolea mwaka baada ya mwaka, huku nafasi ya ajira ikisubiri mtu mwingine, na wakuu wanaoyafanya hayo ni watu wanaojua vizuri sana kuandika bajeti.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo Britton hakulikubali: hakukubali kazi yake ipite bila jina. Alichapisha zaidi ya makala 300 kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1893 alikuwa mwanamke pekee kati ya wanachama waanzilishi 25 wa Chama cha Botania, yaani elimu ya mimea, cha Marekani. Alishiriki kuanzisha chama cha wachunguzi wa vigoga, na baadaye akakiongoza. Leo kuna jenasi ya vigoga, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu, iitwayo Bryobrittonia kwa heshima yake. Alikufa mwaka 1934, na mtu akifungua bahasha za vielelezo alizozishughulikia atajua ni mkono wa nani.

Hapo kwenye bahasha ndipo ninapotaka msimame kidogo. Kigoga hakibanwi kama majani ya miti; hukaushwa na kuwekwa katika karatasi iliyokunjwa, na hata baada ya miaka mingi ukikitia maji hunyooka na kurudi umbo lake, kikachunguzwa upya. Kwa hiyo bahasha yenu itasomwa na watu ambao bado hawajazaliwa. Mahali, mwinuko, tarehe, kilikuwa juu ya jiwe au gome la mti gani, nani alikikusanya na nani alikitambua: yote hayo huandikwa siku ileile, kwa wino usiofutika. Nimeona masanduku ya vielelezo yasiyo na hata mstari mmoja, na mwenye navyo ananionesha picha za simu. Huo ni uharibifu wa msitu, si sayansi, kwa sababu ametoa mmea mahali pake na hakuna atakayejifunza chochote kutokana nao.

Wala asiwadanganye mtu kwamba mnasoma vitu visivyo na faida. Katika misitu ya ukungu ya milima ya Uluguru, vigoga na livawoti vilivyofunika matawi hunasa maji ya mawingu na kuyaachilia polepole, na mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam unatoka huko.

Mengine nayataja tu. Chukueni kipande kidogo, uacheni mmea uendelee. Jifunzeni Kilatini cha majina bila kukiogopa. Tunzeni macho na migongo yenu. Kabla ya kuanza kazi ya mtu, ulizeni majina yatakayokuwamo katika andiko na mpangilio wake. Na mkiombwa kujitolea katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iombeni barua inayotaja kazi mtakayoifanya na siku itakapokwisha. Asiyetaka kuiandika barua hiyo, msimfanyie kazi.

Mama yenu, mwalimu mstaafu wa botania