Kabla ya kompyuta, tupatieni maharage

Bwana Muhariri,

Mimi ni muuguzi hapa Goma, kartie ya Majengo. Tangu mwaka jana, nikitoka zamu, najifunza modeli za mawakala, yaani kuigiza watu mmoja mmoja kwa kanuni, ili nichunguze jinsi kipindupindu kinavyosambaa. Naandika kulalamikia namna tunavyofundishwa.

Semina yangu ya kwanza (waandaaji nawaachia heshima yao) ilikuwa ya siku tatu. Mbili zilikwisha tukihangaika kuweka programu kwenye mashine, umeme ukikatika. Ya tatu tulimwagiwa milinganyo. Nilirudi nyumbani na cheti na kichwa kizito.

Maharage ndiyo yaliyonisaidia. Nilichora miraba kwenye karatasi, nikatawanya punje 50, moja nyekundu, ndiyo mgonjwa. Kila zamu punje inasogea mraba mmoja. Ikigusana na nyekundu, narusha kete, na sita ikitoka naibadilisha iwe nyekundu. Mimi na mwanangu tulicheza mpaka saa nne usiku. Hapo nikaelewa kwamba milinganyo ile, ya kukadiria maambukizi, ambayo chimbuko lake ni kazi ya wanasayansi Kermack na McKendrick ya 1927, inawatazama wakazi kama uji uliokwisha korogwa: yeyote anaweza kukutana na yeyote. Modeli ya mawakala inampa kila mtu nyumba yake, njia yake na tabia yake. Mchumi Thomas Schelling mwaka 1971 alisogeza vipande kwenye miraba vivyo hivyo, akionyesha jinsi mitaa inavyojigawa kwa rangi za watu.

Kompyuta ilikuja baadaye. Natumia NetLogo, programu ya kutengenezea modeli hizi, ambayo Uri Wilensky aliitoa mwaka 1999. Ni ya bure, na ukishaipakua huhitaji tena intaneti. Mawakala wake wanaitwa kasa. Mwanangu bado anauliza kwa nini kasa wanaharisha.

Katika modeli yangu ya kwanza kila familia ilichota maji kwenye kituo cha klorini, yaani mahali maji yanapotiwa dawa, kilicho karibu nayo. Ugonjwa ukazimika upesi, nami nikajiona fundi. Mama mkwe, aliyechota maji Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu, miaka mingi, akasimama nyuma yangu akitazama nukta zinavyotembea, akacheka.

"Hawa batu ni ba wapi? Huku kwetu mutoto njo anatumwaka mayi, na mutoto anafwataka benzake. Akikuta mustari wa klorini ni murefu, anapita."

Nikabadilisha kanuni. Mwenye kuchota awe mtoto, achague kwa kutazama foleni na wenzake. Nikaongeza jambo tunalolijua hospitalini: wengi wanaoambukizwa hawaugui, lakini choo chao kinabeba vimelea kwa siku 1 hadi 10. Safari hii ugonjwa ulikataa kuisha. Si kila mara, maana kete hubadilika. Kuna jioni ulizimika wenyewe, jioni nyingine ukajaza kioo chote. Ndiyo maana mtu akikuletea grafu moja nzuri, muulize ameendesha modeli yake mara ngapi.

Basi naomba walimu wa vyuo vya hapa wafanye hivi: kabla ya mlinganyo wa kwanza, mwanafunzi apelekwe ziwani wiki nzima na daftari. Aandike nani anachota, bidoni (madumu) ngapi, saa ngapi, na nani anaikwepa klorini kwa sababu ya harufu. Kanuni za mawakala zitoke humo. Namba asiyoijua, aijaribu ikiwa ndogo na ikiwa kubwa, aone kama jibu linageuka. Kazi hii haihitaji umeme, na walimu wake wako tele pale pale ufukweni na madumu yao, ingawa hakuna aliyewahi kuwaalika kwenye semina.

Mama mkwe ameshaniletea swali jingine: wauza maji wa chukudu (vigari vya mbao vya magurudumu mawili) na wa baiskeli nimewaweka wapi? Sijawaweka. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa Kituku nikihesabu bidoni zao.

Muuguzi, Majengo, Goma