Barua ya wazi kwa vijana wanaotaka kuishi kwa kufundisha maksai

Vijana wangu mlioko Usangu, Mbozi, Momba na Ismani,

Habari za kazi. Najua wengi wenu mnataka kufundisha maksai, yaani madume ya ng'ombe yaliyohasiwa ili yafanye kazi, iwe kazi yenu ya kudumu, mlipwe na kuheshimiwa kama fundi mwingine yeyote. Nafurahi sana. Trekta haifiki kila shamba, na ekari mbili tatu za mkulima wa kawaida bado zinategemea plau ya ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mbeya ilikuwa na mradi mzima wa kueneza wanyama kazi. Plau zimebaki vijijini, lakini ufundi wa kumwandaa ng'ombe unapungua, na nyinyi ndio mtakaourudisha.

Shikeni hili kabla ya mengine yote: mwenye ng'ombe hakulipi ili maksai wakutii wewe. Anakulipa ili wamtii yeye, mkewe na kijana wake, siku ambayo wewe uko kijiji kingine. Jozi inayolima vizuri mikononi mwako na kugoma kwa mwenyewe kesho yake haijafundishwa, hata ungeifanyia kazi miezi mitatu. Kila nitakalosema hapa chini linatoka kwenye jambo hilo.

Anzeni na lugha. Kabla hujamfunga ng'ombe kamba, muulize mwenye mali: shambani utasema nao kwa lugha gani? Kuna mfugaji wa Usangu atakayeendesha kwa Kisukuma, kuna Msafwa, kuna Mhehe wa Ismani. Chukua maneno yake matano: twende, simama, rudi nyuma, kulia, kushoto. Yaandike, uyatumie hayo hayo tangu siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida. Mpe kila maksai jina fupi, na majina mawili yasifanane kwa sauti. Jina litangulie, amri ifuate, kisha ndipo fimbo iguse kama hajafuata. Fimbo ikitangulia, ng'ombe hujifunza kukimbia fimbo, na neno halimfiki.

Uchaguzi wa jozi ndiko kazi nyingi zinakoharibikia. Mwenye mali atakuletea yule msumbufu anayetaka kumwondoa zizini. Kataa kwa heshima, umweleze sababu. Fungua mdomo utazame meno ya mbele ya chini: makubwa mawili yakishatoka, ana karibu miaka miwili hadi miwili na nusu, akiwa na manne, anakaribia mitatu. Huo ndio umri wa kuanza. Wa mwaka mmoja na nusu mifupa yake haijakomaa, na mkubwa wa miaka sita ameshajua nguvu zake. Tafuta wawili wanaolingana kimo, maana nira, ule mti unaowaunganisha shingoni, ikilala upande mmoja yule mfupi hubeba uzito wote. Waangalie pia wakitembea kwenda majini: wenye mwendo sawa wataelewana, lakini mwenye haraka na mzito watachoshana maisha yao yote.

Kama ni mafahali, wahasiwe kwanza, na kazi hiyo aifanye ofisa mifugo kwa burdizo, koleo la kuhasi bila kupasua. Koleo hubana mshipa wa mbegu juu ya korodani, kila upande peke yake, na alama mbili zisikutane katikati. Zikikutana, ngozi ya chini hukosa damu ikaoza. Baada ya hapo waache wiki nne hadi sita. Kumfunga nira ng'ombe mwenye maumivu ni kumfundisha kwamba nira ndiyo maumivu.

Msimu nao una hesabu yake. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba. Wengi hukumbuka mafunzo Oktoba, wakati malisho yamekauka na mbavu zinahesabika. Ninyi anzeni Juni au Julai, mabua ya mahindi na majani ya karanga yakiwa bado shambani, na kule Mbarali mabua ya mpunga yakiwa tele. Ardhi itakuwa ngumu, na ni sawa, kwa sababu wiki za mwanzo plau haihitajiki.

Sasa nira. Kwa ng'ombe wetu wenye nundu hukaa shingoni, mbele ya nundu, na nundu ndiyo inayosukuma. Nira ya kulimia iwe na sentimita 90 hadi 100 kutoka katikati ya shingo moja hadi katikati ya nyingine. Ya kupalilia mahindi yaliyopandwa kwa mistari ya sentimita 75 iwe na sentimita 150, ili kila maksai apite kwenye nafasi yake na jembe la palizi lipite nafasi ya katikati. Ukimfundisha kwenye nira fupi tu, siku ya palizi atakanyaga mahindi na mkulima atasema ng'ombe ni mbovu. Mti uwe mwepesi na mgumu, usio na vifundo. Sehemu inayogusa shingo ikwanguliwe kwa kipande cha chupa mpaka iteleze, kisha ipakwe mafuta. Pitisha kiganja chako juu yake: kinachokukwaruza wewe kitamchuna yeye baada ya saa mbili za jasho. Kamba ya koo iache nafasi ya kiganja kimoja, vinginevyo itambana pumzi akiinamisha kichwa kuvuta. Na usitumie kamba nyembamba ya nailoni, inakata.

Siku za kwanza tatu hadi tano ni za kumzoesha mtu, hakuna kazi. Mfunge kwa kamba nene ya katani kwenye pembe, kwa fundo lisilokaza, kwenye mti imara. Kitanzi kinachokaza shingoni kimeua ng'ombe wengi wazuri. Mletee maji na pumba mwenyewe, umsugue mgongo, shingo, miguu, uzungumze naye. Mwenye mali au kijana wake awepo hapo hapo, naye amshike. Akiacha kushtuka mkono unapopita kwenye nundu, mtembeze kwa kamba, halafu wafunge wawili pamoja shingo kwa shingo walishe hivyo.

Hapo hapo amua nani wa kulia na nani wa kushoto, na isibadilike tena. Plau zetu hugeuzia udongo kulia, kwa hiyo maksai wa kulia ndiye atakayetembea ndani ya mfereji maisha yake yote. Tia alama kwenye nira, mwenye mali asije akawabadilisha kwa kusahau.

Nira tupu iwe siku tatu au nne, kwa muda wa saa moja, asubuhi na mapema, kila siku muda ule ule. Kisha gogo la kilo 20 au 30 kwa mnyororo, ukiongeza taratibu hadi kama kilo 50. Mlio wa mnyororo ndio unaowashtua zaidi ya uzito, kwa hiyo uburute nyuma yao kwa mkono kwanza kabla hujaufunga. Wiki ya pili fika saa mbili kwa siku, na kufikia wiki ya tano wawe wanavumilia saa nne. Jozi nzuri huchukua wiki nne hadi sita. Anayeahidi wiki moja anauza woga, na woga huisha siku ng'ombe atakapogundua kwamba mkulima hana mkono mzito.

Maksai akilala chini nirani, fimbo zisubiri. Tazama shingo, tazama kamba ya koo, tazama mzigo, tazama jua limefika wapi. Mara nyingi sababu iko hapo. Punguza mzigo, mwinue, mwendeshe hatua kumi, msimamishe wewe kwa neno, ndipo umfungue. Ukimfungua akiwa amelala, umeshamwonyesha njia ya kupumzika, na kesho atalala mapema zaidi. Kuna wanaovunja mkia au kuwasha moto chini ya tumbo. Huo ni ukatili, unakatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ng'ombe aliyefanyiwa hivyo hamwamini tena mtu yeyote aliye nyuma yake.

Plau ingieni nayo kwenye shamba lililokwisha kulimwa, kina kifupi. Maksai huvuta kwa raha karibu asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake. Jozi ya kilo 300 kila mmoja ni nguvu ya kilo 60 au 70 hivi, na udongo mzito wa mbuga uliolowa unaweza kudai zaidi. Plau ikirukaruka juu ya ardhi, mnyororo ni mfupi mno. Ikizama na kuwakwamisha, ni mrefu mno au umefungwa kwenye tundu la juu sana la plau. Mita mbili na nusu hadi tatu hutosha. Rekebisha chuma kabla hujamlaumu mnyama.

Mtu akikuletea punda, usimvike nira ya ng'ombe. Punda hana nundu, huvuta kwa kifua. Mshonee mkanda mpana wa kifuani. Hujifunza haraka kuliko maksai, na huumia haraka kwa vifaa visivyo vyake.

Kuhusu mapatano: andikeni karatasi. Nani analipia dawa na kuogesha dhidi ya kupe, nani anabeba hasara ng'ombe akivunjika, malipo ya kwanza lini na ya mwisho lini. Ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, ikimpata, mafunzo yasimame hadi ofisa mifugo aseme. Wiki ya mwisho plau ishikwe na mwenye mali, wewe ukiwa pembeni bila kusema neno, na siku mbili za mwisho hata usionekane shambani. Wakilima hivyo bila mtu wa kuwaongoza mbele, pokea malipo ya mwisho.

Mwagize awape pumba na mashudu ya alizeti mwezi mmoja kabla ya mvua, pamoja na chumvi. Mvua ya kwanza ikinyesha, rudi kwake bila kuitwa. Angalia shingo kama zimechubuka, angalia kama bado kila mmoja yuko upande wake, sikiliza anatumia maneno gani, kisha uulize jirani yake ana ndama wangapi wa kiume.

Mzee wenu,
Igurusi, Mbarali