Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: kuumwa si kuumia

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Nakuandikia kutoka chumba cha fiziotherapia, ambako wagonjwa wengi wanapaita "kwa wachuaji". Jina hilo sigombani nalo. Ninachoomba ni muda.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, mkulima wa viazi kutoka Isyonje, na bahasha ya eksirei ameiviringisha kwenye kitenge. Huko alikopigwa picha aliambiwa "pingili zimesagika", akaandikiwa dawa, basi. Miezi mitano sasa hajashika jembe. Analala sakafuni ili mgongo unyooke, na baridi ya Uporoto unaijua. Akaniuliza, "Mwanangu, zikiisha kusagika, nitakatika?"

Kabla sijamjibu, bahasha ikamponyoka. Akainama, akaiokota, mwepesi kabisa. Alipokwisha kunyooka ndipo akakumbuka, akashika kiuno: "Aa!"

Hakuwa anaigiza. Kiswahili chetu kinatenganisha kuumia na kuumwa. Mchezaji huweza kuumia asihisi kitu mpaka filimbi ya mwisho, na mtu huweza kuumwa mwaka mzima mahali ambapo jeraha lilishapona, au halijawahi kuwepo. Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu ilipopitia upya maana ya maumivu mwaka 2020, iliyaeleza kuwa ni jambo la mwili na la moyo pia, ikaongeza kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Hofu, kukosa usingizi na neno la mtaalamu vyote huingia humo. Mama yule alikuwa amebeba neno.

Kuhusu picha: uchambuzi wa mwaka 2015, uliokusanya picha za CT na MRI za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo, ulikuta diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 80 ya wenye miaka 50. Mama ana miaka 52. Ana mvi pia, wala hakuna aliyemwandikia dawa ya mvi.

Nami nina deni. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikibonyeza mgongo, ukilia ko! namwambia mgonjwa, "Imerudi mahali pake." Hakuna kilichokuwa kimetoka. Mlio ule ni gesi ndani ya ute wa kiungo. Wagonjwa waliondoka na nafuu ya siku mbili tatu, halafu wakarudi wakiamini mgongo wao ni wa kupangwa upya kila mwezi, kama kabati bovu. Kuchua kunatuliza, sikatai. Uongo tuliouchanganya na mafuta ndio uliowalemaza.

Wapo wa kuharakishwa: mwenye homa na kukonda, maana kifua kikuu huingia hata mgongoni, mwenye ganzi sehemu za siri, aliyeshindwa kuzuia mkojo. Hao nao utawajua kwa kuuliza, na dakika kumi kwa mgonjwa hazitoshi kuuliza. Hazitoshi hata kujua mtu anakula nini. Kijana anayepakia lumbesa pale Uyole ukimwambia "usibebe kitu kizito", umemwambia wanawe walale njaa.

Kwa hiyo naomba kila mgonjwa mpya wa maumivu sugu apewe nusu saa, na iandikwe kwenye ratiba ya vituo vyote vya mkoa ili isitegemee huruma ya aliye zamu. Na anayesoma picha ya mgongo, kabla hajatamka "kusagika", amwambie mgonjwa ni wangapi wa rika lake wako vivyo hivyo na hawaumwi.

Mama wa Isyonje nimempa matuta mawili ya kupalilia kwa siku; akiweza, wiki ijayo matatu. Anarudi Alhamisi. Ratiba imejaa, nimemtengea muda wangu wa chai.

Wako katika kazi,
Mtaalamu wa fiziotherapia, Mbeya