Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: masomo yetu ya dharura za ngozi mtandaoni

Ndugu wanachama, poleni na zamu.

Mwaka huu nguvu yetu kubwa imeenda kwenye masomo ya mtandaoni ya dharura za ngozi kwa maresidenti wa emejensi, yaani madaktari wanaosomea ubingwa wa dharura. Sababu mnaijua: picha nyingi wanazosomea vijana wetu ni za ngozi nyeupe, wekundu unauona toka mlangoni, sasa kwa wagonjwa wetu huo wekundu mara nyingi huuoni, unakuta zambarau iliyofifia au weusi uliozidi kidogo tu, na anayesubiri wekundu ndo aamini anachelewa. Ndo maana somo la kwanza linaanza na mkono, gusa usikie joto, ugumu, maumivu, halafu angalia macho, mdomo, viganja na nyayo. Tumeweka pia kile kijitabu cha bure cha Malone Mukwende kuhusu dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, alikitoa 2020 na walimu wake akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London.

Somo lililoulizwa maswali mengi ni la Stevens-Johnson na TEN, ule mzio mkali, mara nyingi wa dawa, unaobandua ngozi, TEN ikiwa ndo hali kali zaidi. Mgonjwa kaanza septrini (antibayotiki) au kabamazepini (dawa ya kifafa) wiki mbili zilizopita, anakuja na homa, midomo imechubuka, macho yanauma. Simamisha dawa kwanza, mengine yanafuata! Kisha pima, kiganja chake pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili, na unahesabu ngozi iliyobanduka au inayobanduka ukiisukuma, sio kila palipobadilika rangi. Chini ya asilimia 10 ni Stevens-Johnson, zaidi ya 30 ni TEN, katikati ni mchanganyiko. Wataalamu wa ngozi ni wachache, hospitali ya KCMC kule Moshi wanawafundisha tangu 1992 lakini saa nane usiku uko peke yako na huyo mgonjwa.

Bando limetusumbua. Tumepunguza video, tukaweka sauti fupi za kudownload, ila picha hatujazibana maana zikibanwa purpura, yale madoa ya damu iliyovujia kwenye ngozi, haionekani vizuri.

Kuhusu picha za wagonjwa sitalegeza: idhini ya maandishi, sura isionekane, na zisirushwe kwenye magrupu ya WhatsApp.

Hesabu mhazini atawasomea.

Mwakani tunaingia kwenye maambukizi yanayokula nyama chini ya ngozi, yale ambayo maumivu yanazidi unachokiona kwa macho, pamoja na ngozi za watoto wachanga. Mwenye picha zenye idhini ampatie katibu, na wanaoweza kurekodi sauti wajiandikishe kwake pia.