Mama, ziwa limeganda na tanga bado tunatweka

Madison, Wisconsin, Marekani
Februari

Shikamoo baba, shikamoo mama. Dada na wanao hamjambo? Babu naye akija Uyole mumsomee hii barua pole pole, maana sehemu kubwa namwandikia yeye, na kule mwishoni mdogo wangu asome mwenyewe kuna kazi nimempa. Mimi mzima kabisa, nakula, nalala, masomo ya mbao yanaenda, baridi ipo, jana asubuhi ilikuwa nyuzi 12 chini ya sifuri na nilitoka zangu tu kama vile natoka kwenda dukani.

Mama nimeamua kuandika barua ndefu kwa sababu juzi kwenye simu ulinyamaza. Nilikutumia ile vidio ya nusu dakika ukaniuliza hiyo ni barabara gani mwanangu, nikakwambia sio barabara ni ziwa, ukakaa kimya alafu ukasema tu haya, Mungu akulinde. Nikajua moja kwa moja umemkumbuka mjomba na ile siku ya Matema mtumbwi ulipopinduka, tulivyokaa mchangani na taa mpaka usiku wa manane, mpaka watu wa Ikombe wakamleta akiwa hai anatetemeka. Tangu siku ile hukutaka mtoto wako yeyote aingie ziwani zaidi ya magoti. Sasa hii kitu siwezi kuieleza kwa voisi ya dakika mbili, ngoja niseme yote.

Huu mji umekaa katikati ya maziwa. Kubwa linaitwa Mendota, la pili Monona, na kuna mengine chini yake, yote yameunganishwa na mto mmoja unaitwa Yahara. Mendota ni kama kilometa za mraba 40 na kina chake hakizidi mita 26, kwa hiyo mbele ya Nyasa yetu yenye kina cha mita 700 ni dimbwi tu. Lakini siku ya kwanza nafika, mwezi wa nane ule, nimetoka ofisi ya chuo nina begi mgongoni na sijala, nikashuka mpaka ufukweni nikakuta matanga meupe mengi yanatembea kimya kimya, hakuna injini, hakuna moshi. Nikasimama pale nikaangalia maji, nikaona lile doa jeusi lenye mikunjo linasogea kutoka ng'ambo, nikasema moyoni upepo huo unakuja, na kweli haukupita muda ukanipiga usoni. Babu, hiyo ulinifundisha wewe nikiwa na miaka saba, tumekaa juu ya mtumbwi umepinduliwa unanionyesha kwa kidole maji yanavyokunja uso kabla upepo haujafika. Nilikuwa nimelia kwenye ndege kuanzia Addis Ababa, lakini pale ufukweni nilijisikia kama kuna mtu ananifahamu.

Chuo kina klabu ya boti za tanga inaitwa Hoofers, unalipa ada ya msimu unafundishwa mpaka unaweza kutoka mwenyewe. Nikajiunga. Mama, kitu cha kwanza kabisa kabla hujashika kamba ni kuvaa laifu jaketi, na kitu cha pili wanakupindua makusudi. Ndiyo, wanakuambia pindua boti, uingie majini, uzunguke chini, upande juu ya ule ubao unaotoka tumboni mwa boti, uvute, na boti linainuka lenyewe maji yanachuruzika. Nilifanya mara tano siku hiyo. Mara ya kwanza roho ilinitoka nikamwona mjomba kabisa, mara ya tano nilikuwa nacheka. Mjomba hakuwa na jaketi na hakuna aliyewahi kumfundisha kupinduka, hiyo ndo tofauti, wala sio kwamba maji ya huku yana huruma.

Huo ubao wa tumboni ndo siri yenyewe babu. Mimi siku zote nilijua tanga linasukumwa tu, upepo ukitoka nyuma unakwenda mbele basi. Kumbe upepo ukitoka ubavuni tanga linataka kulipeleka boti upande, ubao ule majini unakataa, sasa boti likibanwa huku na huku linachomoka kwenda mbele, kama mbegu ya limao ukiibana na vidole viwili inavyoruka. Na kwa njia hiyo unaweza kwenda mpaka kule upepo unakotoka, sio moja kwa moja, unakata kulia alafu unageuza unakata kushoto, kidogo kidogo unafika. Kuna mwenzangu hapa wa Tanga akaniambia kwao hiyo inaitwa kubisha na wazee wa pwani wanabisha tangu enzi na enzi. Kubisha! Nimelipenda hilo neno, unabishana na upepo mpaka anakupa njia.

Basi nikasafiri hivyo mpaka mwezi wa kumi, kila nikitoka maabara napita ziwani. Alafu boti zikatolewa zote majini zikafunikwa maturubai, na mimi nikaumwa moyo kwa kweli, saa kumi na moja jioni giza, ziwa tupu la kijivu. Nikasema ndo basi mpaka mwezi wa tano.

Ilikuwa Desemba mzee mmoja wa klabu, seremala mstaafu, akanipigia simu jioni akaniambia njoo kesho na viatu vizito, Monona limeshika. Monona ni dogo na halina kina kama Mendota kwa hiyo linaganda mapema, Mendota lenyewe mara nyingi mpaka karibu na Krismasi. Nikafika asubuhi nikakuta watu wanashusha juu ya magari vitu kama majeneza membamba, wanaviunga na ubao mrefu wa kukatiza, wanasimika mlingoti. Boti za barafu. Hii wanayotumia wengi inaitwa DN, kifupi cha Detroit News, gazeti la Detroit, kwa sababu ilichorwa na kutengenezwa pale mwaka 1937 ili mtu wa kawaida aweze kujitengenezea nyumbani kwa mbao. Urefu wake futi 12, mtu mmoja tu analala ndani chali kichwa kimeinuka kidogo, tanga futi za mraba 60, na chini visu vitatu vya chuma, viwili kwenye ncha za ule ubao wa kukatiza na kimoja mbele ndo usukani. Visu ndo vinafanya ile kazi ya ubao wa tumboni, vinakataa kwenda upande.

Nisimulie ile barafu yenyewe. Barafu nzuri inaitwa nyeusi, sio kwamba ina rangi, ni safi kama kioo cha dirisha unaona maji ya giza chini yake. Nilipiga magoti nikaweka mikono miwili kuzunguka macho, nikaona majani ya ziwa yamesimama wima, na jani moja la mti limenaswa katikati ya barafu na tundu dogo la hewa pembeni yake, kama mdudu ndani ya ulimbo uliokauka. Alafu ziwa likanguruma. Mama usiogope, ni sauti barafu inapotanuka na kusinyaa na baridi, inaanzia mbali huko inapita chini ya miguu yako inaishia ng'ambo, nzito kama radi ya Rungwe lakini inatoka chini. Nilishika mkono wa yule mzee kama mtoto. Akaniambia ikinguruma ni kawaida, akatoa drili akatoboa, akapima mbele yangu, sentimita 15. Kwa mtu kutembea wanataka angalau 10 za barafu safi.

Na hapa babu kuna kitu kilinishangaza sana. Ule upepo ulionifundisha kuusoma kwenye maji, kwenye barafu hauonekani. Hakuna doa, hakuna mikunjo, kioo kitupu, upepo unakuja kama mtu asiyevaa viatu. Kwa hiyo unajifunza upya, unaangalia moshi wa madohani ya nyumba za ufukweni, bendera, vumbi la theluji linalotambaa chini chini, na mashavu yako. Wiki tatu nilikuwa nasimama tu pale na kuangalia kabla sijaruhusiwa kushika kamba.

Siku niliyoruhusiwa unaanza kwa kulisukuma boti mbio, viatu vina misumari chini, likishika upepo unarukia ndani unalala unavuta kamba. Na likishika, jamani. Upepo wa kawaida tu kama kilometa 20 kwa saa, mimi nakwenda sitini na kitu, kama basi kwenye ile nyoofu ya Chimala na Igawa ila wewe umelala na barafu iko shubiri moja chini ya mgongo wako. Linakwenda mara tatu mpaka nne ya upepo wenyewe kwa sababu barafu haina ubishi, hakuna kitu kinachovuta nyuma, na ukishakimbia unajitengenezea upepo wako mwingine kutoka mbele unaochanganyika na ule wa kweli, kwa hiyo kila wakati unaona kama upepo unatoka puani mwa boti hata kama wa kweli uko ubavuni, kamba umeivuta mpaka mwisho muda wote. Machozi yanatoka yanaganda kwenye kope. Sauti ya visu ni kama mtu anachana kitambaa kirefu kisichoisha. Upande mmoja ukanyanyuka, kisu kikawa hewani, nikalegeza kamba kidogo kikashuka taratibu, na pale ndo nilielewa kwamba mkono wangu unajua, ule ule mkono wa mwezi wa tisa kwenye maji, hakuna nilichokipoteza. Ziwa halikufungwa, limebadilisha nguo tu.

Kusimama unageuza pua ya boti kule upepo unakotoka, tanga linapigapiga, boti linachoka lenyewe.

Watu wa huku wengi wanafanya yote mawili mwaka mzima. Wanamtaja sana Buddy Melges, mtu wa jimbo hili hili, mwaka 1972 alichukua dhahabu ya Olimpiki kwenye boti za majini na kwenye barafu pia alikuwa bingwa. Ila barafu nzuri ni ya bahati, theluji nyingi ikianguka juu yake basi imeharibika, kwa hiyo wanahamahama, leo Monona, wiki ijayo ziwa lingine saa nzima kwa gari, wanapigiana simu usiku. Na siku zenyewe zinapungua. Hapa wameandika tarehe za Mendota kuganda na kuyeyuka tangu miaka ya 1850, na ukilinganisha na zamani muda wa barafu umefupika karibu mwezi mzima. Yule mzee akilisema hilo anaangalia chini, kama wewe babu ukisema samaki mbasa walivyokuwa zamani.

Mama najua bado unajiuliza. Shingoni navaa kamba yenye vishikio viwili vya misumari, ukizama unavichoma kwenye barafu unajivuta nje. Kichwani helmeti. Peke yangu sitoki, hata siku moja. Na Januari tuliendesha gari saa moja na nusu, tumefika, mzee akatoboa akakuta sentimita saba na barafu imeloa maji juu, akasema turudi. Watu wanane, boti sita juu ya magari, tukageuza bila hata mmoja kubisha, tukanywa chai njiani tukarudi. Nakueleza hilo kwa sababu kwangu ndo lilinifanya niwaamini.

Jioni nyingi niko kwenye gereji yake tunanoa visu kwa tupa alafu jiwe, anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya makali, ukucha ukitoa unga mweupe ni tayari. Babu unavyopima tezo yako ni hivyo hivyo kabisa, ukucha ule ule, nilimwambia akaniuliza jina lako na mti gani unachonga.

Sasa mdogo wangu, kazi yako. Narudi likizo mwezi wa kumi, upepo wa kusi utakuwa umepoa, na nataka tuuwekee mtumbwi wa babu tanga, na ubao wa pembeni wa kushuka majini maana tumbo lake ni duara hauwezi kubisha. Ukienda Matema Jumamosi pima kwa tepu, sio kwa hatua: urefu wote, upana wa ndani pale katikati, na kimo kutoka sakafuni mpaka ukingoni. Piga picha ukingo wote mahali ulipopasuka. Muulize babu asubuhi saa ngapi maji yanakuwa yametulia, na kama anakataa mtumbwi wake kutobolewa tafuta njia ya kufunga kwa kamba tu, mimi nitachora upya. Tuma wasap kabla ya Jumatatu nikate mfano wa karatasi.

Laifu jaketi nimenunua nne. Ya mjomba ni ile kubwa ya rangi ya chungwa. Mama, ya bluu ni saizi yako.

Wasalimieni wa Tukuyu wote. Ndaga fijo, asanteni sana.

Mwanenu