Barua kwa shosti: usinunue friji kwa kuangalia mlango

Mbagala, Jumapili usiku

Shosti wangu,

Za huko Tanga? Sie huku wazima, watoto wameshalala, joto ndo hilo unalolijua, feni linazunguka ila linapuliza moto tu. Picha zako zote za mafriji nimeziona na ile voisi ndefu nimeisikiliza mpaka mwisho, nikaona hii nikijibu kwa voisi nitaruka nusu ya mambo, bora nikae niandike ili na shemeji asome mwenyewe asije akasema nampotosha mkewe.

Kwanza hongera kwa kupokea mchezo. Laki saba ya mkupuo ukiiachia mwezi mmoja tu ndani inaisha kwa misiba na sare za harusi, kwahiyo umefanya la maana kuamua inunue kitu.

Sasa twende kwenye picha. La kwanza ni lile la mtumba la milango miwili, refu, jeupe, laki tano na nusu, muuzaji anakwambia limetoka Ulaya hilo, orijino, haya ya dukani yote mabati matupu. La pili ni jipya la dukani, lita 138, laki sita na themanini, linang'aa na nailoni haijatolewa. We unaniuliza lipi kati ya haya. Mi nakujibu hakuna hata moja, na sababu ni moja tu, wewe unataka kuuza barafu za ubuyu na ukwaju, sio kupamba sebule, na yote mawili hayajatengenezwa kwa kazi hiyo.

Shosti, friji halinunuliwi kwa mlango. Linanunuliwa kwa ile stika ndogo ambayo iko ndani ukutani karibu na droo ya mboga au nyuma juu ya kompresa, ile ambayo kila mtu anaipita. Pale pana herufi moja au mbili zinazoeleza friji limetengenezwa kwa joto gani la nje. SN ni kuanzia nyuzi 10 mpaka 32, N ni 16 mpaka 32, ST inafika 38, na T inafika 43. Lile la mtumba picha yako ya tatu nimeikuza mpaka macho yakauma, limeandikwa SN. Yaani lilitengenezwa likae jikoni kwa watu wanaovaa masweta, we unataka ulipeleke kwenye kibaraza cha bati hapo Tanga mwezi wa pili! Litawaka, ndio, na litagandisha siku ya kwanza ukalipenda, ila kompresa halitapumzika, litanguruma asubuhi mpaka usiku na luku yako inashuka nalo.

Na kwenye hiyo hiyo stika kuna kitu kingine ambacho kwa mfanyabiashara wa barafu ndo roho ya jambo, na wauzaji wengi ukiwauliza wanabaki wanakutazama. Kinaandikwa kilo kwa saa 24. Maana yake ni uzito gani wa kitu ambacho hakijaganda friji linaweza kugandisha kwa siku nzima. Lile jipya la lita 138 limeandikwa kilo 2. Haya piga hesabu, kipakti kimoja cha barafu ni kama mililita 100, kwahiyo kilo 2 ni vipakti 20, basi. Ukijaza 60 kwa pamoja asubuhi utakuta uji, wateja watoto wa shule wamesimama na mia zao mkononi na wewe unawaambia bado bado, kesho wanahamia kwa jirani. Lita zinaeleza ukubwa wa tumbo tu, mtu anaweza kukuuzia lita nyingi zisizogandisha chochote.

Na nyota nazo ziangalie. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18, na nne ni hizo hizo 18 ila na uwezo wa kugandisha vitu vipya kabisa, sio kuhifadhi tu kilichokwisha ganda. We unataka nne.

Twende kwenye umeme maana najua ndo shemeji atauliza. Lebo ya lile la mtumba inasema kWh 412, yaani uniti 412, kwa mwaka, lile jipya 210. Kwa tarifu ya kawaida ya T1 ukijumlisha na VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (wasimamizi wa nishati) uniti moja inakutoka kama sh 356, kwahiyo la mtumba ni kama elfu 12 na mia mbili kwa mwezi na jipya ni kama elfu 6 na mia mbili. Tofauti ya elfu 72 kwa mwaka hiyo, yaani ile laki moja na thelathini uliyodhani umeokoa kwa kununua mtumba, miaka miwili haiishi umeshailipa yote kwa luku. Na hapo nimekuonea huruma, maana zile lebo za zamani za Ulaya zilipimwa kwenye chumba cha nyuzi 25, sio kwenye joto letu, na friji lilikuwa jipya, mpira wa mlango haujachoka. Wala usibabaishwe na A+ iliyobandikwa mlangoni, ile alama ya kusema halili umeme. Ulaya walibadilisha lebo zao mwezi wa tatu 2021, siku hizi ni A mpaka G bila majumlisho, na friji lililokuwa A+ enzi zile ukilipima kwa sasa linaangukia huko chini mkiani.

Kama nyumba yenu bado ipo kwenye ile tarifu ndogo ya D1 kuwa makini zaidi. Uniti 75 za kwanza ni sh 100 kabla ya kodi, ila ukivuka hapo zinazozidi zinakupiga 350. Jumlisha pasi, TV na hilo friji uone mtafika wapi.

Sasa mimi ningekuwa wewe ningenunua friza la kulala, lile la kufungulia juu, dogo tu la lita kama 150, jipya. Kwa bei nilizoziona Kariakoo wiki hii yapo ya laki sita na nusu mpaka saba, na kwenye stika tafuta kilo 8 kwa siku au zaidi. Najua utasema na mboga je, na maji ya kunywa je. Shosti, mboga unanunua gengeni kila siku, nyanya hazilali kwako, utaweka nini kwenye friji zaidi ya maji na kiporo cha wali? Maji chupa mbili unazitupia kwenye friza ukizitoa mapema kabla hazijapasuka. Tena mafriza mengi ya sasa yana swichi ya kuligeuza liwe friji la kawaida, siku ukichoka na biashara unaligeuza maisha yanaendelea.

Uzuri wa la kulala ni kwamba hewa ya baridi ni nzito inashuka chini, ukifungua mfuniko inabaki mle mle ndani, wakati la mlango wa mbele kila mtoto akifungua baridi yote inamwagika miguuni. Na umeme ukikatika, friza likiwa limejaa na hujalifungua fungua linashika baridi kama saa 48, likiwa nusu kama saa 24, wakati friji la kawaida saa 4 tu maziwa yanaanza kubadilika. Mgao sio kama ule wa 2023, tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuwashwa 2024 tumepumua, ila kukatika kwa masaa mawili matatu kupo pale pale.

Hesabu ya barafu nimekufanyia. Kugandisha kilo 8 za juisi kutoka joto la kwetu hadi jiwe ni kama uniti moja kasoro kidogo, ongeza umeme wa friza lenyewe kujiweka baridi, weka na joto la Tanga, sema uniti moja na nusu mpaka mbili kwa siku. Mia saba hiyo ukizidisha sana. Vipakti 80 kwa sh 100 ni elfu 8, toa ubuyu, sukari na vifuko. Unaona mwenyewe kinachobaki.

Ukiingia dukani usimwache akuwashie kwa dakika tano akazima. Chukua noti ya elfu, ibane kwenye mfuniko, vuta. Ikitoka kirahisi mpira huo haubani, jaribu pembe zote nne maana kona ndo zinadanganya. Soma gesi ya kupozea, utakuta R600a au R134a. Chukua R600a kama ipo, ndo inayotumika kwenye mengi mapya na haili umeme sana, ila hiyo ni gesi inayowaka moto, kwahiyo siku ikija kuharibika ukaona fundi anakuja na R134a anakwambia zote sawa tu, mwambie asante na umfungulie mlango. Soma volti pia, iwe 220 mpaka 240 na hezi 50. Kuna watu wanashusha vitu kwenye kontena kutoka Marekani, vya volti 120 na hezi 60, wanakuuzia na transfoma juu, hayo mateso sitaki uyajue. Vya Dubai havina shida hiyo, umeme wao na wetu ni mmoja na plagi ni zile zile za miguu mitatu.

Akikwambia hili ni inveta usidhani lina betri la kuwaka umeme ukikatika, wengi wanaingia hapo. Ni kompresa linalobadili spidi, linakimbia likiwa na kazi na linatembea likishapoa, halikurupuki kuwaka, kwahiyo linakula kidogo. Zuri, ila lina bodi ya kielektroniki na bodi haipendi umeme wa kupanda na kushuka, na bodi ikiungua mafundi wetu wa mtaani wengi wanakuna kichwa. Kwa bajeti yako chukua la kawaida, hela inayobaki nunua gadi.

Gadi, shosti, sio stabilaiza. Gadi inakata umeme ukizidi au ukipungua, halafu ukirudi inasubiri kama dakika tatu kabla ya kuruhusu, na hizo dakika ndo zinaokoa kompresa maana likilazimishwa kuwaka presha haijatulia linaungua. Stabilaiza yenyewe inapandisha umeme mdogo ufike unapotakiwa. Kama kwenu taa zinafifia jioni mpaka feni linazunguka kivivu, gadi itakuwa inakata tu kila saa na barafu hazigandi, hapo ndo unahitaji stabilaiza. Kama hazififii, gadi inatosha.

Waranti wakikwambia miaka 10 uliza ya nini. Mara nyingi ni ya kompresa peke yake, gesi, bodi na thamostati ni mwaka mmoja, na bila risiti yenye namba ya friza hakuna mtu atakayekusikiliza. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sio karatasi ya kuandika kwa mkono. Na alama ya TBS, wale wa viwango, uione, sio uambiwe.

Kusafirisha, likija kwa basi au fuso wasimamie lisilazwe. Wakililaza, ukifika nalo ndani liache limesimama usiku mzima kabla ya kuchomeka, mafuta ya kompresa yarudi yanapokaa. Liweke kivulini, kiganja kizima kipite kati yake na ukuta, maana zile mbavu za pembeni zinazopata moto ndo zinatoa joto nje. Zikiwa za moto friza ni zima, usianze kupiga simu kwa fundi.

TV uliyogusia mwishoni iache mwezi mwingine. Siku ikifika angalia tu iwe na kisimbuzi cha DVB-T2 ndani, kile cha kunasa chaneli kwa antena, na usilipie 4K, ile picha kali zaidi, kwenye inchi 32 maana kwa umbali wa kochi lenu hamtaona tofauti yoyote.

Kesho kutwa napita Kariakoo kumchukulia bimkubwa blenda, nikikuta friza la T lenye R600a ndani ya laki saba nitakupigia picha ya stika, sio ya mlango. Kama umepata huko huko Tanga nitumie stika yake kabla hujatoa hata mia, hata usiku wa manane nitaamka niisome. Na muuzaji wa lile la mtumba mwambie umebadili mawazo, usimwachie advansi ya kushikia.

Nisalimie shemeji na wanangu.

Wako,
shosti wa Mbagala